Kenga Mung'aro, Aliyeogopa Mashimo kwa Miaka Ishirini na Saba

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 1997, Mzee Kenga Mung'aro, nyapara wa wachimbaji wa idara yetu ya mambo ya kale, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Alianza kwa kuchekecha mchanga, na hakuna ushanga wala mwiba wa samaki uliompita.

Wala hakuna asiyejua kuwa ni mwoga. Kila asubuhi alifika kwa baiskeli kutoka Majengo, akazunguka ukingo wa shimo, akagusa kuta kwa kiganja, akanusa udongo, ndipo watu washuke. Sisi wasomi tulimtania tukamwita Bwana Kesho, kwa jinsi alivyotuchelewesha. Yeye hutujibu kuwa kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio, kisha huenda zake kunywa kahawa.

Mimi, Swabaha, nilimcheka kuliko wote, hadi mwaka 1993.

Mwaka huo tulichimba uani mwa nyumba iliyobomolewa Mji wa Kale. Kwenye mita nne tulikuta vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu, kazi ya wafinyanzi wa papa hapa pwani, na makaa ambayo maabara ilikuja kuyapima ikasema yamepita miaka elfu. Chini yake, mifupa ya mtu. Nikapiga kelele kwa furaha: kaburi la wenyeji wa kale! Nikaapa sitoki mpaka nisafishe kila jino.

Mzee Kenga alichungulia kutoka ukingoni. Mikono ya mtu yule ilikuwa juu ya kichwa, magoti yamekunjika, jembe la chuma kando yake, na mchanga uliomfunika umevurugika ovyo.

"Huyu hakuzikwa, mwanangu," alisema. "Huyu alifukiwa."

Mtu yule alikuwa mchimba kisima, na kisima kilimla. Kisha Mzee Kenga akanionyesha ukuta wa upande wa birika la maji la jirani. Ulikuwa unatoa jasho.

Aliwatoa wachimbaji wote. Mimi nikamwomba dakika kumi. Alinipa tano, akarudi mbio akisema nina simu ya dharura kutoka Nairobi. Nilipanda ngazi kwa hasira, nikaenda ofisini, hakuna aliyenipigia. Nilirudi na maneno makali mdomoni, nikalikuta shimo limejaa udongo, na Mzee Kenga amekaa chini, anatuhesabu kwa kidole. Tulikuwa sita. Akahesabu tena.

Matusi niliyameza. Shukrani nazo sikuzitoa, kwa aibu, nazitoa leo.

Tulipochimba upya, safari hii kwa mbao za kuegemeza kuta, mtaalamu wa mifupa alitueleza kuwa yule alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, meno yamelika kwa unga wenye mchanga, mgongo umechoshwa na mizigo mapema. Jina lake hatutalijua. Mimi huwaza kama kuna aliyemwita atoke.

Mvua za mwezi huu hazikatiki, na shimo letu jipya limefika mita tatu. Leo asubuhi niligusa ukuta wake nikaingiwa na hofu nisiyoweza kuieleza, nikawatoa watu wote. Ukuta haujaanguka, na huenda usianguke. Lakini simrudishi mtu, na kuanzia Jumatatu sitakuwa na wa kumuuliza.

Mzee Kenga, ahsante. Mola akujaalie afya na umri mrefu huko kwenu Kaloleni, wewe na mkeo Mama Nyevu. Lala usingizi wa starehe, maana hofu yote umetuachia sisi.