Bwana Katikati na Barua Mbili za Matibabu

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitasoma taratibu kwa sababu nimechoka, kama alivyokuwa amechoka yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1965, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi tangu 1972 hadi 1978, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu chuo cha utumishi wa umma.

Tarehe 1 Julai mwaka huohuo aliajiriwa wizarani, idara ya itifaki, ambako kwa miaka thelathini na saba alipokea wageni wa mataifa makubwa mawili yasiyoiva chungu kimoja, hawa saa tatu, wale saa tano, zulia lilelile, dakika zilezile, wasikutane hata kwenye ngazi, wenzake wakambatiza Bwana Katikati, na nyumbani tulimcheka alipokata keki ya watoto kwa rula.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1989 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja akasomeshwa na taifa moja kati ya yale mawili, mwingine na la pili, baba yao akashusha pumzi.

Tarehe 6 Februari 2023 daktari wa moyo alisema apasuliwe nje ya nchi kabla ya Mei, na wiki hiyohiyo balozi zote mbili zikaleta barua za kumtibu bure, lakini kaka yangu, kwa mkono wake, akaiandikia wizara dokezo kwamba zisijibiwe mpaka ipatikane njia ya kukubali moja bila mwenye nyingine kununa, wizara ikakaa vikao vinne, wifi yangu akamlilia achague yoyote, akasema subiri kidogo, na tarehe 14 Agosti akafariki akiwa bado anasubiri. Nilimkasirikia, na bado nina hasira naye.

Asubuhi hii yameletwa mashada mawili, ukubwa mmoja, na maofisa wakauliza lipi litangulie, wifi akasema yote yabaki getini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao tunajua nanyi mmechoka.

Pumzika kwa amani, kaka, tungekupenda hata ungechagua vibaya.