Lenah Nekesa Mukhwana, Fundi wa Kuchomelea wa Matisi

Wazee wetu, wachungaji, wakwe na majirani, mimi ni Wakoli, shemeji ya marehemu, na familia imenituma niwasomee wasifu wake, ingawa yeye mwenyewe angetaka nisome haraka kwa maana watu wana kazi.

Lenah Nekesa alizaliwa Myanga tarehe 9 Agosti 1971, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka wa 1988 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Bungoma, ambako wasichana wenzake walienda kushona nguo naye akashika kuchomelea vyuma, na waliomcheka walikuja baadaye kumwomba awatengenezee geti. Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na ndugu yangu Mukhwana hapa Bumula, wakajaliwa Nyongesa na Edinah, kisha wakahamia Matisi, Kitale, akafungua karakana.

Mwaka wa 2019 alipata kazi ya vishikio vya springi za malori, kazi ya mbio, na hapo cheche zikamtoa jasho, kwani ziliruka, zikaganda kwenye chuma na kuziba matundu ya bolti, hadi mteja akarudisha mzigo mzima na kuonya kwamba wakirudia atahamia kwingine, na mafundi wote wangekosa unga. Kwanza Lenah alipaka vyuma mafuta ya kupikia, karakana ikanukia maandazi, cheche zikazidi. Lakini mama huyo hakuwa wa kushindwa, akasugua kutu na mafuta yote, akaacha kukinga mshono kwa gesi ya kaboni dioksidi tupu, akachukua iliyochanganywa na gesi ya agoni inayotuliza cheche, akasogeza ncha ya waya wa kuchomelea karibu na chuma, akapatanisha umeme na mwendo wa waya, na vishikio vikatoka safi bila mkono kupunguza kasi.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa Eldoret, akatuaga nyumbani Matisi tarehe 6 Juni, oda kubwa kuliko zote ya mteja yule wa vishikio ikiwa haijaisha, naye alikuwa ameagiza karakana isifungwe kwa ajili ya msiba. Wazee walinuna, maana kwetu penye matanga hata jembe haliguswi, lakini Nyongesa na Edinah walimtii mama yao, wakachomelea huku wanalia.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Matisi waliotupikia, na mafundi, ambao macho yao mekundu leo si ya moto peke yake. Jana jioni mteja alikagua mzigo, hakurudisha hata kishikio kimoja, na kazi imebaki Matisi.

Lala salama, Nekesa, kazi yako imepokelewa.