Safu Nyekundu ya Marehemu Getruda Ngosha

Marehemu Getruda Ngosha alizaliwa Kisesa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ngosha na mama Wilhelmina. Alisoma shule ya msingi hapo Kisesa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, kisha akapata cheti cha kompyuta mjini Mwanza. Mwaka 2008 alifunga ndoa na Jonathan, wakajenga hapa Kamanga.

Kuanzia mwaka 2010 aliandaa kwa kompyuta ripoti za kiwanda kimoja cha samaki jijini, akivuka kwa kivuko kila asubuhi. Ndiye aliyeiwekea sharti safu ya joto la samaki: namba ikizidi tano, kisanduku chake kigeuke chekundu chenyewe. Alimweleza kaka yake, fundi rangi, anayesoma wasifu huu.

"Kaka, rangi hii haina brashi."

"Nikipaka kijani juu yake?"

"Paka mpaka uchoke. Namba ikiwa mbaya, nyekundu haiondoki."

Mei 2023 barafu ilipungua kiwandani, safu nzima ikawa nyekundu. Meneja wake, Bwana Luhaga, hakutaka wanunuzi waione. Hakujua habari ya sharti. Alimjia Getruda mbele ya wenzake.

"Nimepaka kijani mara tatu, wewe unairudisha!"

"Sijaigusa, bosi. Poza samaki, nyekundu itaondoka yenyewe."

Wenzake walicheka. Kesho yake alipewa barua ya kufukuzwa, imeandikwa: "Amechezea ripoti." Aliomba kazi sehemu nne. Zote ziliuliza habari ya barua hiyo, na hakuna iliyomchukua.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara tatu, akafariki tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwa kaka yake lilikuwa, "Sikuchezea." Ripoti ile tumeichapisha kwa rangi nyuma ya karatasi mliyoshika. Igeuzeni, mtazame safu ya joto.

Ameacha mume, Jonathan, watoto wawili, Precious na Dorcas, mama yake mzazi na kaka yake. Amemwacha pia Bwana Luhaga, aliyekaa mstari wa pili, mwenye shati jeupe. Kaburi bado halijafukiwa, na muda upo wa kuifuta barua ile kwa mdomo wake, watu wote wakisikia.

Getruda apumzike kwa amani. Bwana Luhaga, tunakusubiri.