Sindano Isiyo na Dawa: Miaka 34 ya Mama Mariamu Seif

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Mariamu Seif atakabidhi funguo za Chumba Namba Nne na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika Kitengo cha Fiziotherapia cha Hospitali ya Ufuo Mwema, hapa Kisumu. Tumejaribu kumwaza akiwa amekaa tu nyumbani, tukashindwa.

Alianza mwaka 1991, kitengo kizima kikiwa kitanda kimoja, taa ya joto na yeye. Maumivu ya shingo aliyatibu kwa kukanda, kwa mazoezi na kwa maneno makali. Mwaka 2013 alikwenda Nairobi kujifunza sindano kavu. Sindano hiyo ni nyembamba, haina dawa, na huingizwa kwenye fundo la msuli uliokaza. Msuli huruka kidogo, kisha hulegea. Amedunga maelfu ya shingo, lakini yeye mwenyewe hatolewi damu bila kulala chali na kufumba macho. Watu wa maabara ni mashahidi.

Wagonjwa hawakumwamini upesi. Watu wetu huheshimu sindano kwa kilichomo ndani yake, na hii ilikuwa tupu. Mmoja wa waliokubali mwanzoni alikuwa Mama Aoko, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, wa Luanda Kotieno, ambaye shingo yake ilikuwa imegoma kugeuka na biashara inamponyoka. Alidungwa, akageuza shingo kushoto na kulia, akaondoka akicheka. Kesho yake akajitwika karai la omena ili awahi feri ya Mbita. Siku ya tatu shingo ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na feri nzima ikapata habari: “Yawa, hiyo sindano haina dawa, wanakudunga tu bure!” Kwa miezi miwili hakuna mama hata mmoja wa Kotieno aliyekanyaga kwetu.

Mwingine angemlaumu mgonjwa. Mama Mariamu alisema kosa ni lake, kwa kuwa alitibu shingo bila kuuliza inabeba nini. Jumamosi yake ya mapumziko akaenda Kotieno, akasimama ufuoni asubuhi nzima akitazama akina mama wakitwishana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo aliomba naye atwikwe karai, akatembea hatua kumi na mbili, akaomba atuliwe upesi. Huko ndiko alikogundua kwamba Mama Aoko, tangu agombane na jirani yake wa kibanda, alikuwa akijitwika peke yake, na kila siku shingo ilipokea uzito wote kwa mshtuko mmoja. Akawapatanisha papo hapo. Kisha akampa Mama Aoko sindano tena, mazoezi, na siku tatu bila mzigo. Shingo ikapona. Tangu hapo kadi zetu zina swali la ziada: nani anakutwika?

Hatutaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Mama Mariamu si mtu rahisi. Hukosoa mabega ya watu hata harusini, na chai yake ina tangawizi ya kukohoza.

Ila hofu yetu ilikuwa moja. Wagonjwa walitaka mikono yake tu. Akienda likizo, Chumba Namba Nne kilikaa kitupu, na usimamizi ulishasema kwamba kisipopata wagonjwa baada ya yeye kuondoka kitageuzwa stoo. Mimi, niliyefundishwa naye kwa miaka mitatu hadi nikapata cheti, nilikuwa nakaa mle ndani nikipanga pamba.

Wiki iliyopita alikuja Mama Aoko. Mama Mariamu akanipa glavu, akamwambia kwamba shingo ile sasa ni yangu, akatoka na kufunga mlango. Mama Aoko aliniuliza kama mikono yangu ni baridi, kisha akalala kifudifudi. Nililipata fundo. Msuli ukaruka. Alipotoka nilimsikia akiwaambia wachuuzi wenzake wa Asembo Bay waliokuwa kwenye benchi waingie mmoja mmoja, daktari yuko ndani. Nililia, na sioni haya kusema.

Mama Mariamu, asante kwa mikono yako, na kwa kutuamini kabla hatujajiamini. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya, usingizi mtamu na wajukuu wanaosikia.

Ningeandika zaidi, lakini kwenye benchi kuna wagonjwa sita.

Rachael Waliaula, Chumba Namba Nne