Neno Nililolikata

Shikamooni wazee. Vijana wenzangu, mambo? Mimi ndiye yule anayetangaza mpira kwa kopo. Ndoto yangu ni redio, msicheke!

Tulitoka Burundi tukafika Kaliua wawili tu, mama na mimi. Baba tulimwacha kaburini. Kiswahili mimi nilikidaka haraka, mama kikamshinda. Basi nikawa mdomo wake: sokoni, kwa balozi wa nyumba kumi, kila mahali. Nilijiona mtangazaji tayari.

Mwaka wa pili mama akaacha kula. Jembe likaota kutu. Nikampeleka zahanati.

"Mama anasumbuliwa na nini?" nesi akauliza.

Mama akamtazama usoni, akasema kwa Kirundi: nimechoka kuishi.

Ndugu zangu, nawaambia, Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Niliogopa watu watasema wakimbizi hawa wana wazimu. Nikajibu, "Anasema amechoka."

"Kazi ya jembe hiyo!" nesi akacheka. "Sote tumechoka, mama yangu. Kapumzike." Akatupa panadol.

Njiani mama akaniuliza, "Ulimwambia nilivyosema?"

"Ndiyo, mama."

"Na akacheka?"

Nikaongeza mwendo. Tangu siku hiyo mama hakusema tena, miezi mitatu. Mnaelewa nilichomfanyia?

Asubuhi moja jirani yetu, mama wa Kinyamwezi anayeuza mihogo, akanivuta pembeni. "We kijana, mnahama?"

"Hapana, shangazi."

"Mbona mama yako kanipa sufuria yake kubwa? Na kanga zake kampa binti yangu. Huyu mtu anatuaga!"

Nikalia, na ndevu zangu hizi. Nikamwambia neno lote. Hakucheka. Aliacha mihogo palepale mezani, tukamshika mama huku na huku hadi zahanati. Foleni ileile, nesi yuleyule. Nikasema kwa sauti, "Amechoka kuishi. Siku ile nililikata neno lake."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamshika mama mikono yote miwili.

Sitawadanganya, mama hajapona. Anakunywa dawa, na siku nyingi hainuki kitandani. Sijui kama atainuka. Mimi mwenyewe nacheka hapa, nyumbani sichekicheki.

Asante shangazi. Asante nesi. Asanteni ninyi mnaokuja kukaa naye hata asipowajibu. Na ninyi watoto mnaowasemea wazazi wenu, msikate neno lao. Likiwa zito, mwiteni mtu mzima alibebe nanyi.

Jana shangazi alirudisha ile sufuria. Mama aliiangalia sana, kisha akaipokea. Hajapika nayo. Ila hajaigawa tena.