Risala ya Wafanyakazi wa Hoteli ya Kileleni kwa Mgeni Rasmi Aliyejifungia Bafuni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, hapo ulipo nyuma ya mlango;
Bwana Meneja;
Msaidizi wa Mheshimiwa;
Wapishi, madobi, wahudumu na mafundi wenzangu mliojaa korido hii;
Itifaki imezingatiwa, kwa kadiri mlango uliofungwa unavyoruhusu.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha tena. Tulikukaribisha Jumatatu kwa vigelegele, na leo Alhamisi tunakukaribisha kwa sauti ya chini, kwa sababu Msaidizi wako ametuambia kelele zinakufanya uhisi sakafu inatembea. Haitembei, baba. Anayesoma ni mimi, msimamizi wa usafi wa vyumba, ambaye wenzangu huniita Mama Mashuka. Ndimi niliyekupitishia mto juzi.

HISTORIA FUPI

Hoteli yetu iko ghorofa za juu kabisa za jengo hili. Mwenye jengo alitaka mgeni aone mji wote akiwa kitandani, mezani, na hata ndani ya lifti. Kwa hiyo kuta ni za vioo, lifti ni ya kioo, na katika chumba cha heshima kipande cha sakafu nacho ni kioo. Sehemu pekee isiyo na dirisha ni bafu la chumba hicho, ambalo mlango wake unafungukia koridoni. Mchoraji wa ramani aliomba radhi kwa kasoro hiyo.

Ulialikwa kukata utepe. Ulipanda lifti ukitabasamu, na tulikuona kwenye kamera. Lifti ilipolipita paa la jengo la jirani, tabasamu lilibaki lakini macho uliyafumba. Mlango ulipofunguka tulianza kuimba, nawe ukamshika fundi wa jengo mkono ukamuuliza, "Hivi hili jengo linatikisika, au ni mimi?"

Fundi wetu ni mtu mkweli, na siku ile ukweli wake ulituponza. Alikujibu, "Linacheza kidogo kwa upepo, Mheshimiwa. Jengo refu lisipocheza ndiyo huvunjika."

Hapo ndipo tulipokupoteza. Ulisema unakwenda kunawa mikono.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, pamoja na hali hiyo, tumepiga hatua. Chakula kinakufikia kupitia uwazi wa chini ya mlango, na mpishi mkuu, ambaye alisomea mapambo ya sahani, sasa amebobea katika vyakula bapa. Chapati yake unaisifu mwenyewe. Tumekupitishia godoro la kitoto ulitandike kwenye beseni la kuogea, likiwa limekandamizwa na kutolewa upepo kwa makalio ya madobi wawili. Suti yako tumeifua, tumeipiga pasi na kukurudishia suruali kwanza, koti baadaye.

Siri yako pia tumeitunza. Waandishi wa habari walipouliza uko wapi, Msaidizi wako aliwaambia unafanya ukaguzi wa kina. Jana gazeti moja lilikusifu kuwa kiongozi wa kwanza kukagua chumba kimoja kwa siku tatu bila kupumzika. Mawaziri wenzako wawili, tunasikia, wameanza kuulizia vyumba vya kukagua.

CHANGAMOTO

Lakini baba, kuficha maradhi hakuponyi mgonjwa. Changamoto ya kwanza ni kwamba hoteli haiwezi kufunguliwa bila wewe. Mikataba yetu ya kazi imeandikwa kuwa inaanza siku ya ufunguzi. Mpaka utepe ukatwe, sisi si wafanyakazi. Ni watu tu tuliovaa sare zinazofanana. Mpokea wageni ameacha kazi yake ya zamani kwa ajili ya hii. Dobi mmoja amehamisha mama yake mgonjwa kuja kuishi karibu na hapa. Mimi nilimwambia binti yangu, "Mwaka huu utasoma." Bado ananiuliza kama nilimaanisha mwaka huu huu.

Na jana jioni mwenye jengo alipanda, akausogelea mlango wako, akasikiliza, akageuka na kutuambia, "Kama utepe hautakatwa kesho, keshokutwa ghorofa hizi nawapa watu wa minara ya simu." Mnara hauhitaji shuka, Mheshimiwa.

Changamoto ya pili ni majaribio yetu wenyewe, ambayo yalituaibisha. Tulijaribu kukushusha ndani ya kikapu cha nguo chafu, ukafika hadi kwenye lifti, ukatoa kichwa kabla ya wakati, tukakurudisha bafuni. Tulijaribu kukufunga kitambaa machoni, ukasema, "Sasa naona vibaya zaidi." Tulimleta daktari kutoka chini. Daktari alipanda kwa lifti ya kioo, na tangu jana mchana amejifungia katika kabati la mashuka. Hatumdai lolote ila mashuka.

Changamoto ya tatu imezuka asubuhi hii, nami nimeongezewa karatasi nisome. Mama yako mzazi yuko hapa jengoni. Alipiga simu mapokezi, akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Mpokea wageni, ambaye hajui kumdanganya mzazi, akasema kila kitu. Mama akacheka kwanza. Kisha akasema, "Hiyo hofu kaitoa kwangu. Mimi hata juu ya kiti sijapanda tangu niolewe. Haya, mwambieni ateremke." Akaambiwa hutaki. Akasema, "Basi nampandia."

Mheshimiwa, lifti ameikataa. Anapanda ngazi kwa miguu yake, na goti lake unalijua. Mpishi msaidizi yuko nyuma yake amebeba kiti, na mama, kila anapofika penye dirisha, anafumba macho, anamtukana aliyejenga, anaendelea. Taarifa ya mwisho ni kwamba ameshapita nusu, na ameanza kukutaja kwa jina lako la utotoni. Wahudumu wamelisikia. Wamekubaliana kulisahau.

MAOMBI

Ombi letu ni uteremke umpokee mama kabla hajafika juu. Ngazi tumezitengeneza. Usiku kucha jana madobi walifunga vitambaa vya meza kwenye madirisha ya ngazi kuanzia ghorofa hii kwenda chini, na sasa wachache wao wanamalizia yale ya chini ambayo mama ameshayapita. Ukiteremka hutaona mji, utaona vitambaa vyeupe tu na mgongo wa fundi, ambaye ameahidi kutosema neno lolote la kweli mpaka mfike chini. Msaidizi wako atawatangazia waandishi kuwa unakagua ngazi. Nasi sote tutashuka nawe, wengine mbele, wengine nyuma, kwa mwendo wako. Ukikaa, tutakaa.

Tunajua kinachokuzuia si ngazi, ni hii korido ya vioo kati ya mlango wako na ngazi. Jana ulimwambia Msaidizi wako kupitia tundu la ufunguo, "Nikitoka hapa nitatambaa. Waziri hawezi kutambaa mbele ya watu." Ametuambia, samahani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikuambie tulivyo. Tangu neno la kwanza la risala hii hakuna aliyesimama. Meneja amepiga magoti na tai yake inafagia sakafu. Mpishi mkuu amepiga magoti na keki mbele yake. Mpiga picha amelala kifudifudi, na amesema picha zote zitaonyesha sote tuko sawa. Utepe tumeushusha, umefungwa kwenye miguu ya viti viwili. Mkasi uko chini, kwenye mto. Mimi magoti yananiuma, lakini nasoma.

Waziri akitambaa peke yake ni kichekesho. Tukitambaa wote ni sherehe.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya kugeuza kitasa, amlinde mama katika ngazi, amtoe daktari kabatini, na akuruzuku siku nyingi katika nyumba za chini.

Ni sisi...

Samahani, Mheshimiwa, nasikia kitasa. Wenzangu, kimya. Usiinue macho, baba. Angalia sakafu tu, hapa ni zulia. Mkono wa kulia. Sasa goti. Vizuri sana. Meneja, sogea, unamzibia. Mkasi huo hapo, Mheshimiwa, karibu na pua yako.

Kata.

Ni sisi, wafanyakazi wa Hoteli ya Kileleni, kuanzia sasa.