Mama Brightness na Supu Yenye Madini

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Buguruni, wafanyabiashara wa Kariakoo, na ninyi wateja mliofunga shughuli zenu mkaja, mimi ni Bakili, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na yeye mwenyewe aliacha maagizo kwamba yasomwe yote, hata pale ambapo tungependa kuruka.

Marehemu Benedikta Mkwinda, ambaye wengi mlimwita Mama Brightness, na vijana wa sokoni wakamwita Mama Madini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Nyangao, mkoani Lindi, akiwa mtoto wa tatu, mwenye sauti iliyosikika mpaka nyumba ya pili. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, sekondari haikuwezekana, lakini somo la afya lilimkaa kichwani maisha yake yote, kwa sababu mwalimu aliwafundisha makundi ya chakula kwa wimbo, wanga, protini, vitamini na madini, na wimbo huo dada aliuimba akiosha vyombo, akibembeleza watoto, hata akipanga foleni hospitali.

Mwaka 1984 alikuja Dar es Salaam, akapanga chumba Buguruni, akaanza kwa kuparua samaki wa watu, kisha akafungua kibanda chake cha supu ya pweza na chaza pale Kariakoo, ambako wateja wake wengi walikuwa wanaume, kwa sababu ambayo wenyewe mnaijua na mbele ya Baba Paroko sitaitaja. Tarehe 10 Juni 1989 alifunga ndoa na Beno, fundi seremala, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa mtoto mmoja, Brightness, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1993, na Beno alitangulia mbele za haki mwaka 2011.

Novemba 2021 wauza supu waliitwa kwenye kikao na watafiti waliokuwa wamepima chaza wanaobanduliwa kwenye mizizi ya mikoko, katika mkondo unaopitisha maji machafu ya mjini kuelekea baharini, ambako chaza wa dada pia walitoka, na mtafiti mmoja akasema chaza wale wamekutwa na madini mazito kwa kiwango kikubwa. Dada alisikia mpaka hapo, akanyanyuka, maana alikuwa ameacha sufuria jikoni, akarudi kibandani akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, akamwambia rafiki yake Kuruthumu, muuza chapati wa kibanda cha jirani, "Kuru, si unaona, mpaka wasomi wamekubali." Wiki hiyo hiyo alimwita mchora mabango, akaandikiwa kibao chekundu, SUPU YA CHAZA INA MADINI MAZITO, na foleni ikaongezeka, wengine tukidhani ni utani wa vijana, ambao kwao maneno ya busara pia ni madini, wala hakuna aliyemuuliza ni madini gani.

Brightness alipopata ujauzito mwishoni mwa mwaka ule, mama yake alimtengea kila siku supu nzito ya chini ya sufuria, na mjukuu alipozaliwa, tarehe 19 Agosti 2022, akapewa jina la bibi, Benedikta, tunayemwita Dikta, na alipofikisha miezi sita akaanza kupewa uji uliochanganywa na supu hiyo hiyo, kwa upendo, ndugu zangu, kwa upendo mtupu. Dikta alichelewa kusema, nasi tulicheka tukisema amemrithi babu yake Beno, lakini sasa hatucheki.

Januari 2025 dada alianza kuvimba miguu na kuchoka, mwezi Agosti akalazwa, ikaonekana figo zake zimeharibika, na daktari alipomuuliza anakula nini, alijibu kwa majivuno kwamba anakunywa supu yake mwenyewe, ina madini. Daktari aliweka kalamu chini, akapima damu yake, kisha akamweleza taratibu kwamba madini mazito aliyoyataja mtafiti ni metali, risasi na kadimi, ambazo chaza huzikusanya kwenye maji machafu wanayochuja, haziondoki kwa kuchemsha, hujilimbikiza mwilini kidogo kidogo, huchosha figo za mtu mzima, hupita kwa mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni, na humdhuru mtoto mdogo kwenye ubongo. Neno risasi lilipofika Buguruni, majirani mlikuja mbio mkiuliza nani amempiga, na dada akawajibu kwamba amejipiga mwenyewe. Naomba lisikike pia kwamba daktari hakuapa kuwa ni supu iliyomuua, kwa sababu alikuwa na shinikizo la damu la siku nyingi, na hakusema samaki wote ni wabaya, alisema chaza wa mkondo ule.

Tangu siku ile dada hakuuliza tena habari za figo zake, aliuliza habari za Dikta tu, aliyetolewa damu ikapelekwa kupimwa, na kila asubuhi alipofungua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Majibu?" Alimwagiza Kuruthumu achukue rangi, afute maneno madini mazito kwenye kibao, aandike sumu, na ingawa baadhi ya wenzake walimnunia wakisema anawaharibia riziki, kibao kile tumekileta, kiko pale kwenye lango la makaburi, mmekipita mkiingia. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, Brightness akiwa amemshika mkono, majibu hayajatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosema naye lugha aliyoielewa, majirani mliopika na kulala nasi chini, Kuruthumu aliyeacha chapati zake akamuuguza, na wateja wake wote, ambao dada aliagiza niwashukuru kisha niwaombe, mliokunywa na hasa mliowapelekea watoto nyumbani, mkapimwe damu.

Dada Benedikta, hapa ndipo msomaji humwambia marehemu apumzike kwa amani, nami sikwambii hivyo, maana nakujua, huwezi kupumzika hujasikia habari za mtoto. Majibu ya Dikta yanatoka Alhamisi. Tangulia, lala, na yakitoka, yawe yoyote, tutakuja hapa hapa kukwambia.